Ngozi Tumboni mwa Ndege

Nikisikia harufu ya mafuta ya nyonyo yakiungua, huacha ninachofanya. Msinicheke. Ndivyo ilivyonuka injini ya ndege ya kuchezea aliyotuachia mzungu mmoja wa mashamba ya ngano, Hanang, mkataba wake ulipoisha. Ilikuwa ndogo kama yai, na ilikuja na kisanduku cha redio cha kuiongozea ndege.

Baba, fundi wa mashine za kuvuna, aliiundia ndege ya vita ya mbao, kwa kuwa kaka yangu Gwandu alikuwa vitani. Siku alipoondoka tulichinja kondoo, kila mmoja akavishwa kidoleni pete ya ngozi mbichi ya kondoo huyo, ndiyo baraka yetu Wairaqw. Ngozi iliyobaki Baba aliikausha, akaikunja na kuifungia tumboni mwa ndege. Aliamini, nami nikaamini, kwamba ikikaa humo Gwandu atarudi.

Ndege haikupaa. Ilikimbia kwenye mabua ya ngano iliyovunwa, ikinguruma kwa hasira ya bure. Mzungu alikuwa ametuonya kwamba injini ile haibebi zaidi ya kilo mbili. Baba alikwangua rangi, akatoboa mbawa, akaweka magurudumu mepesi. Bado ilikuwa nzito.

"Baba, tutoe ngozi," nilimwambia.

"Hiyo haitoki."

Nilikuwa na miaka tisa na kichwa kigumu. Jumapili moja, wengine wakiwa kanisani, niliitoa. Mchana Baba alipoijaribu tena, ndege ikapaa, ikazunguka mara moja juu ya shamba na kuanguka kwenye mabua. Nilipiga makofi peke yangu. Baba aliiokota, akaona tumbo tupu, akanigeukia.

"Umemvua ndugu yako," alisema.

Wiki mbili baadaye ilikuja barua ya jeshi. Gwandu amekufa. Mama alilia mpaka sauti ikamkauka, nami nilijificha ghalani, maana nilijua ni nani aliyemuua. Nilikua na jambo hilo, nikaolewa nalo, sikumwambia mtu.

Baba alipofariki niliikuta barua ile sandukuni mwake, nikaisoma kwa mara ya kwanza. Gwandu alikufa miezi mitatu kabla ya Jumapili ile, ngozi ikiwa bado mahali pake. Nilikaa sakafuni nikingoja nafuu, haikuja. Baba aliijua tarehe hiyo miaka yote. Hakunitajia kwa sababu sikumwuliza, na nadhani alishasahau alichoniambia siku ile shambani.