Nyonga za Apolonia

Mwaka uliofuata Azimio la Arusha, Apolonia alikuwa akishona sare za shule kwenye ushirika wa mafundi cherehani pale Temeke. Alikaa kwenye cherehani kutwa nzima, nyonga zikamkaza hata kukalia mbuzi akune nazi ikawa shughuli. Kila akiinuka alishika ukuta. Moyoni alishajiambia kwamba mifupa imeharibika, kama ya marehemu mama yake aliyeishia kutembelea magongo, na hakuthubutu kumwambia mumewe.

Siku moja Mama Harsha, mama wa Kihindi aliyekuja kupimwa blauzi, alimwona anavyoinuka kwa taabu.

"Hebu lala hapo mkekani, mwanangu," alimwambia. Akamkunja mguu taratibu, akauzungusha huku na huku. "Mbona unazunguka vizuri! Misuli tu imekaza kwa kukaa. Sisi nyumbani tunafanya yoga kwa ajili ya hayo."

Akamwonyesha namna ya kukutanisha nyayo, kuacha magoti yashuke yenyewe na kutoa pumzi polepole. "Usilazimishe. Ikiuma, acha."

Apolonia alibaki amelala, machozi yakimtiririka hadi masikioni.

"Nimekuumiza?"

"Hapana, mama. Mie nilidhani nakuwa kiwete."

Jioni alimweleza mumewe yote, kicheko kikimkatiza maneno. Akawa anafanya mazoezi yale kila alfajiri, na kazini anainuka mara kwa mara kujinyoosha. Masika ilipokwisha, alikuwa anachuchumaa uani akifua nguo za nyumba nzima, huku anaimba.