Wamemjia

Dada yangu mkubwa hakuijali televisheni mpaka alipopita miaka sabini, na alipoipenda, hakuipendea taarifa ya habari wala mawaidha ya Ijumaa. Alipenda tamthilia ya watu wanaosafiri angani.

Chombo chao kilikuwa kimetoka duniani zamani, kimebeba watoto na mbegu, kinatafuta ardhi nyingine ya kuishi. Ndani yake alikuwamo bibi mmoja mzee, fundi wa mitambo, mkali, aliyezungumza na injini kama mtu anayesemesha mbuzi mkaidi. Dada alimwita "mwenzangu".

Kila Alhamisi baada ya alasiri, jirani yetu, mama mwenye duka la filamu hapa Makindye, alituletea sehemu moja kwenye flashi. Moja tu, kwa sababu vijei alikuwa akitafsiri moja kwa wiki. Msomaji asiye wa Kampala nimweleze: vijei ni mtu anayeweka sauti yake juu ya filamu ya Kizungu na kuisimulia kwa Kiganda, akiwatania wahusika, akiwagombeza na kuwapa pole. Dada hajui Kiingereza. Wazee wetu waliokuja huku kutoka pwani kwa biashara waliwapeleka wasichana chuoni wakajue kusoma Kurani, wakaona inatosha. Lakini Kiganda cha sokoni anacho chote, na matusi yake.

Mimi utaratibu ule niliupenda. Kwa miaka arobaini nimefanya tafsiri ya Kurani msikitini kila Ramadhani, kipande kidogo kila alasiri, na Dada alikuwa nyuma ya pazia la wanawake bila kukosa. Nilizoea kuwaambia watu kwamba neno hutafunwa. Kwa hiyo binti yangu anayefanya kazi Nakawa aliponiambia kwamba ameitazama tamthilia ile yote, sehemu kumi kwa siku mbili, nilimwambia amemeza bila kutafuna.

"Baba, mimi nimeshiba. Nyinyi mmefika ya ngapi?"

"Ya nne."

"Haya, tafuneni."

Kisha yakaja mambo ya macho. Dada alikuwa na presha ya macho kwa muda mrefu, na mwezi ule daktari alimweleza kwa upole kwamba kilichopotea hakirudi, na kilichobaki kinakwenda haraka. Tulikaa kwenye benchi nje ya hospitali, pale kilimani Nsambya. Dada akahesabu kwa vidole.

"Zimebaki sita," alisema. "Wiki sita."

"Inshallah utaziona zote."

"Mwalimu, usinijibu kama uko mimbarini. Nakuuliza, macho haya yana wiki sita?"

Niliikunja karatasi ya daktari, nikaitia mfukoni.

"Basi mwambie mwanao alete zote. Utanitafsiria wewe. Si ndiyo kazi yako?"

Tukakaa Jumamosi na Jumapili, yeye kwenye kiti karibu kabisa na kioo, mimi pembeni yake. Tulisimama kwa sala na chakula tu. Nilitafsiri kama nilivyozoea, neno kwa neno, bila kuongeza wala kupunguza.

"Hapo vijei angesema kitu," aliniambia.

"Angesema nini?"

"Angemtukana huyo kapteni."

"Mimi siwezi kumtukana mtu asiyenikosea."

Alicheka sana. Lakini kufikia Jumapili mchana alikuwa ameanza kuuliza, "Nani huyo?" kuhusu wahusika aliowajua vizuri. Tulipoingia sehemu ya kumi, nadhani alikuwa akiona vivuli tu.

Katika sehemu hiyo chombo kinavunjika. Watoto wanashuka salama, lakini mtu mmoja lazima abaki ndani ashikilie mlango. Anabaki yule bibi. Anaita kwa redio mara tatu waje wamchukue, na hakuna anayejibu. Kisha kioo chote kinakuwa cheupe.

Dada aliweka mkono juu ya goti langu.

"Nini kile cheupe?" Na kabla sijajibu: "Wamemjia?"

Nikasema, "Ndiyo. Wamemjia."

"Alhamdulillahi," alisema, akajipangusa uso kwa viganja viwili kama mtu anayemaliza dua. Nami nikasema alhamdulillahi. Baadaye nilijitafutia fatwa mwenyewe: ile si aya, ni mchezo wa kuigiza, na aliyeuliza ni mgonjwa. Nikalala.

Sikumkumbuka vijei. Alhamisi jirani akabisha hodi na sehemu ya tano.

"Sisi tumeshaimaliza, mama," nilimwambia mlangoni.

"Nani kamaliza?" Dada aliita kutoka ndani. "Wewe ulinipa kavu. Lete, mwanangu, nisikilize yenye mchuzi."

Ndipo nilipojua nimejifunga. Ile tamthilia ilikuwa inanijia polepole, hatua moja kwa wiki, na mimi sina pa kukimbilia. Wiki ya sehemu ya sita nilijaribu.

"Dada, kuhusu ule mwisho..."

"Usiniharibie!"

"Lakini mwisho unaujua."

"Mwisho naujua. Nataka njia."

Wiki ya nane umeme ulikatika, nikajikuta namshukuru Mungu, kisha nikaona haya. Ulirudi kesho yake. Wiki ya tisa Dada alikaa ameipa televisheni mgongo, akielekea mlangoni kwenye hewa, kwa sababu kioo hakikuwa na kazi kwake tena. Kabla ya Alhamisi ya mwisho nilifika hadi dukani ili nimwombe jirani aseme flashi imeharibika. Nilipomwona nikatambua kwamba nataka mtu mwingine aseme uongo kuulinda wangu. Nikanunua betri, nikarudi nyumbani.

Siku hiyo vijei hakutania. "Bibi anaita," alisema kwa sauti ya chini. "Hakuna anayejibu. Anaita tena. Banange, jamani, bibi wa watu! Hakuna anayemjia. Huyo anakwenda peke yake."

Muziki ukalia hadi mwisho. Dada akapapasa rimoti, akazima.

"Hakuna aliyemjia," alisema.

"Hakuna."

"Na wewe ulijua."

"Nilijua. Nilikuonea huruma, Dada."

Nilisubiri anigombeze, na ningeshukuru. Vidole vyake vilihesabu tasbihi isiyokuwepo.

"Na zile tafsiri za Ramadhani," alisema polepole. "Miaka yote ile, sisi nyuma ya pazia. Kule nako ulikuwa unatuonea huruma?"

"Wallahi, Dada, hata neno moja..."

"Sijakuapisha."

Nilimwambia nitamletea mwalimu mwingine, asome aya zilezile, alinganishe. Akasema yeye si mahakama. Kweli, hata angekubali, nani angekumbuka nilichosema alasiri fulani ya miaka ishirini iliyopita? Ushahidi wangu wote ulikuwa ni yeye kuniamini.

Hajanikasirikia. Ananiuliza kama nimekunywa chai, ananiombea afya. Na kila Alhamisi baada ya alasiri, saa ile ya tamthilia, ananiita nikamsomee. Zamani nilikuwa nasoma aya, natoa maana yake, naye anauliza mpaka nachoka. Siku hizi nikimaliza aya na kuvuta pumzi ili nieleze, anainua kiganja.

"Soma tu, mdogo wangu. Maana namwachia Mwenyewe."

Ninasoma. Namshukuru Mungu kwamba bado ninaitwa. Nikifika kwenye aya za rehema, zile alizokuwa akipenda kuniuliza, huwa natua kidogo zaidi ya inavyohitajika, nikamtazama. Uso ameuelekeza mlangoni, anangoja niendelee.