Mafunjo ya Kununulia Kinanda

Mafunjo yaliyokatwa asubuhi yana harufu kali, mbichi, kama ya tango lililopasuliwa muda huo huo, na chini yake kuna harufu nyingine, ya tope lililolala miaka mingi bila kuonwa na jua. Niliijua harufu hiyo nikiwa na miaka kumi na mitano, katika likizo ya katikati ya mwaka, kiangazi kilipokuwa kimevibabua vilima vyetu vya Ntobeye hadi nyasi zikawa rangi ya kahawia. Kila asubuhi niliteremka bondeni, kwenye Mto Ruvubu, nikiwa na panga mkononi na kamba kiunoni, na kila asubuhi niliogopa. Woga ulianza kabla sijafumbua macho. Ulinifuata kwenye migomba, ukavuka nami mashamba ya maharage yaliyokwisha kung'olewa, ukazidi pale njia inapoanza kuwa laini chini ya nyayo, na haukuniachia hadi nilipoliona tena paa la nyumba yetu.

Nilichokuwa nakitafuta huko kilikuwa kinanda. Shuleni kwetu alikuwapo mtawa mmoja aliyetufundisha nyimbo za kanisani kwa kinanda kikuukuu cha kukanyaga kwa miguu, na aliponiona nikizubaa karibu nacho kila baada ya mazoezi, alianza kunipa nusu saa ya kujifunza kila Jumamosi. Kwa mwaka mmoja na kidogo nilijifunza mkono wa kulia, kisha wa kushoto, kisha yote miwili pamoja, jambo ambalo mwanzoni nililiona haliwezekani, kama kuongea na watu wawili kwa wakati mmoja. Halafu sista akahamishwa. Kinanda kikafungiwa stoo, ufunguo akakaa nao mtu asiyejua hata kilikuwa cha nini. Mwezi mzima vidole vyangu vilicheza juu ya dawati, juu ya paja, juu ya mgongo wa mdogo wangu aliyelalamika kwamba namtekenya.

Ndipo nilipokiona kingine mjini Ngara, dukani kwa Mzee Swalehe. Familia yake ilikuwa na asili ya Tanga. Babu yake alifika na biashara akabaki, na wao wakaendelea kuuza redio, tochi na betri. Kinanda kilikuwa kwenye rafu ya juu, kilichotumika, kitufe kimoja kimemeguka pembeni, lakini kilitumia betri, na kwetu umeme ulikuwa bado haujafika. Nilimwamkia mzee shikamoo, kisha nikasimama nikikitazama.

“Marahaba, binti,” alisema. Akakishusha, akakipangusa kwa kanga iliyochakaa. “Kiguse basi. Hakiumi.”

Nilipiga wimbo wa matoleo, ule rahisi, nikakosea mara mbili. Mzee Swalehe hakuwa mtu wa kanisani, lakini alisikiliza hadi mwisho akiwa ameinamisha kichwa. Akaniambia atakiweka hadi shule zifunguliwe. “Baada ya hapo, mwanangu, akija mwenye fedha nitamuuzia. Usije ukaninung'unikia.”

Nilijaribu kwanza yale waliyokuwa wakifanya wenzangu. Niliuza parachichi kando ya barabara ya malori, lakini tulikuwa watoto wengi na parachichi zilikuwa nyingi kuliko madereva. Nilichuma kahawa ya watu, msimu ukaniishia mkononi. Aliyeniokoa, au niseme aliyenipeleka mtoni, ni Mama Devota, jirani yetu, mjane wa miaka thelathini na kitu, mwenye mabega mapana na ulimi usioogopa mtu. Alisuka mikeka ya mafunjo ambayo watu waliinunua kwa kuanikia kahawa na kwa dari za nyumba. Kama wengi kwetu, herufi l ilimgeukia kuwa r, naye hakuona haya.

“Mimi mgongo umechoka kuinama,” aliniambia. “Twende wote, ukate, mimi nifunge na nisuke. Mkeka ukiuzwa, nusu yangu, nusu yako. Rakini baba yako asijue ni mtoni. Mwambie unajifunza kusuka.”

Alikuwa na sababu ya kusema hivyo. Kabla sijazaliwa, mdogo wake baba alichukuliwa na mamba kwenye mto ule ule. Kilichopatikana ni shati lake tu, alilokuwa amelivua na kulikunja vizuri juu ya jiwe. Nyumbani kwetu mto haukutajwa. Ukihitaji kusema mtu amekwenda huko, ulisema amekwenda bondeni, na baba alitoka nje hata hivyo. Kwa hiyo nilimdanganya. Akafurahi, akasema kusuka ni kazi nzuri kwa msichana. Lakini jioni moja mama aliinusa kanga yangu iliyokuwa kwenye kamba, akanitazama, akairudisha majini kuifua upya. Tangu siku hiyo nikawa na hofu mbili, ya kule chini na ya pale nyumbani, na sikujua ipi ilinila zaidi.

Mama Devota alikuwa na masharti yake. Tulipiga maji kwa fimbo kabla ya kuingia. Hatukuruhusiwa kuupa mgongo mto wenyewe, na ndege wakinyamaza tulitoka bila kuulizana. “Usisimame mahari pamoja mara mbiri,” alikuwa akisema. “Yeye anakaa anakusoma. Siku ukimwona, ujue amekutazama kitambo.” Hakulitaja jina la mnyama. Nilikata nikiwa nimezama hadi magotini, mashina yenye pembe tatu yakiteleza mkononi, na kila kipande cha gogo kilichoelea kilinikausha mate. Mara nyingi nilijiambia leo ndiyo mwisho. Kisha jioni nilimkuta Mama Devota uani kwake akiuviringisha mkeka mpya, nikaona kinanda kimesogea karibu kidogo, na asubuhi nikateremka tena.

Kufikia juma la mwisho la likizo, mafunjo ya ukingoni yalikuwa yamekwisha. Ilibaki mikeka michache tu. Siku ile tulilazimika kwenda mbali zaidi, mahali ambapo mizizi ya mafunjo imeshikana ikawa kama sakafu inayotikisika, na kati ya sakafu moja na nyingine kuna vijia vya maji meusi. Jua lilikuwa limekwisha panda vizuri. Mama Devota alitangulia akipiga maji kwa fimbo, mundu wake ukiwa begani. Aliingia kwenye kijia kimoja, maji yakamfika mapajani, akageuka kuniambia kitu. Sikuwahi kujua alitaka kuniambia nini. Maji nyuma yake yaliinuka, naye akashuka kwa ghafla, kama mtu aliyevutiwa kiti.

Alipiga kelele moja. Kisha akashika mizizi kwa mikono yote miwili, na nikamwona akivutwa na kurudi, akivutwa na kurudi. Nilikuwa hatua nne kutoka alipokuwa. Nilikuwa na panga mkononi, nimelinoa asubuhi ile ile. Macho yetu yalikutana.

Nikakimbia.

Nakumbuka kila kitu cha kukimbia kule. Nakumbuka panga lilivyoanguka na kuzama bila sauti, nakumbuka sakafu ya mizizi ikidunda, majani yakinichana mashavu, ukingo, mteremko. Sikuwa nimekusudia kwenda popote. Kama nisingekutana na mtu ningefika nyumbani, nikajifunika blanketi. Lakini juu kidogo walikuwapo wanaume wawili wanaofyatua matofali. Walinishika. Nikaonyesha kwa kidole nilikotoka, nao wakaokota mapanga na miti, wakashuka mbio. Mimi nilikaa chini, nikaziba masikio.

Walimkuta hai. Alikuwa amempiga yule mnyama kwa mundu jichoni, si mara moja, hadi akaachia, kisha akajivuta peke yake juu ya mizizi. Mguu wa kushoto chini ya goti ulikuwa hautazamiki. Walimfunga kwa kanga, wakampandisha kwa machela ya miti hadi barabarani, wakapata gari la kumpeleka hospitali.

Nilimsubiri baba kwa hofu ambayo sijapata kuwa nayo tena. Nilijua ameshaambiwa yote, mto, uongo, kila kitu. Alikuja kutoka shambani akiwa na jembe. Akaliweka chini. Akanishika mabega.

“Umekwenda mtoni,” alisema.

“Ndiyo, baba.”

“Lakini ulikimbia kuita watu. Umemwokoa mama wa watu. Mdogo wangu hakuwa na mtu wa kumwitia watu.”

Akalia. Sikuwahi kumwona akilia. Na mimi, badala ya kusema ukweli, nilinyamaza. Jumapili katekista alinisimamisha kanisani mbele ya waumini wote wa kigango, watu wakapiga makofi. Kila aliyenipa mkono aliniongezea woga mpya: Mama Devota alikuwa hai, aliniona, na siku moja angefungua kinywa.

Siku chache baadaye baba alinichukua kwenda kumjulia hali. Alikuwa amekonda, mguu umening'inizwa kwa bandeji. Baba alimpa pole nyingi, akamwekea ndizi na mayai, kisha akasema kile nilichokuwa nakiogopa: “Tumshukuru Mungu mtoto huyu alikimbia kuita watu.”

Mama Devota alinitazama. Nilihesabu kope zake zilivyofunga na kufunguka.

“Ndiyo,” alisema. “Arikimbia.”

Baba alipotoka kumtafuta muuguzi, nilibaki nimesimama miguuni pa kitanda.

“Urikuwa na panga,” alisema taratibu.

“Ndiyo, mama.”

“Hukukimbiria watu.”

“Hapana.”

Alivuta shuka hadi kifuani. Wodini mtoto wa mtu alikuwa anakohoa. Nilitamani anipige. “Hata mimi sijui,” alisema mwishoni. “Ningekuwa wewe, sijui ningefanya nini. Usiniombe msamaha reo, mguu unaniuma, nitakujibu vibaya.” Kisha akauliza kama mikeka iliyobaki uani imekauka. Nikasema imekauka. “Iuze. Kanunue kinanda chako.”

Nilimwambia sikitaki tena.

“Sikukuuriza kama unakitaka. Sikubari mguu wangu uriwe bure.”

Nilikwenda Ngara na baba siku moja kabla ya shule kufunguliwa. Mzee Swalehe alikuwa amesikia habari, kwa sababu habari za namna hiyo hutembea zenyewe. Alinishushia kinanda, akatia betri mpya ndani bila kuzitaja katika bei, akasema tu, “Pole, binti. Pole sana.” Njia nzima nilikibeba kifuani bila furaha yoyote. Mama Devota aliporudi kutoka hospitalini, akitembelea fimbo, alinitaka nije kwake kila Jumapili alasiri nimpigie. Hakuwa msikilizaji mpole. Nikikosea aliguna, nikirudia kosa alisema hata yule wa mtoni ana masikio. Miezi mingi ilipita ndipo nikaacha kukosea mbele yake, na siku moja, nikiwa katikati ya wimbo, alianza kuimba sauti ya pili. Hatukuzungumzia panga tena. Alifariki miaka kadhaa baadaye kwa ugonjwa mwingine kabisa, nami nilipiga kinanda kwenye misa ya mazishi yake. Baba pia alikufa akiamini kwamba binti yake ni shujaa.

Sasa nafundisha Biharamulo, na binti yangu Neema ana miaka kumi na mitano. Yeye anataka maikrofoni ya kurekodia na spika, maana siku hizi wimbo mzima unatengenezwa kwenye simu, ngoma, kinanda na kila kitu. Anapata pesa zake barazani kwangu, kwa kusuka nywele, amekaa kivulini, soda pembeni. Nilipomwona akianza nilishukuru kwamba mtoto wangu hatalazimika kuzama kwenye tope la mto kwa sababu ya muziki, na nikajidanganya kwamba kwa hiyo hakuna cha kuogopa.

Mwezi uliopita aliacha kuimba nyumbani. Wateja walikuja, akawasuka, akanyamaza. Simu yake ilipolia aliilaza kifudifudi. Nilikijua kimya kile kwa sababu niliwahi kuishi ndani yake, lakini sikujua nianzie wapi, kwa hiyo jioni moja tukiwa tunachambua mchele nilimweleza habari za Ruvubu. Nilimweleza yote, hadi panga. Hakuna mtu mwingine hai aliyewahi kuyasikia.

Neema aliacha kuchambua. “Kwa hiyo ulimwacha?”

“Nilimwacha.”

Akaendelea kuchambua. Siku ya pili yake alikuja jikoni, akanipa simu yake ikiwa imefunguliwa. Kulikuwa na ujumbe mwingi kutoka kwa mwanaume ambaye Neema hamjui, aliyejiita mdhamini wa wasanii, akimwahidi vifaa vyote bure endapo atakwenda Mwanza peke yake bila kuaga, na ule wa mwisho ulikuwa wa vitisho.

“Mama,” alisema, “mjibu wewe. Mimi naogopa.”

Niliketi na ile simu mkononi, na kabla ya hasira kunifika, kabla hata ya kufikiria polisi au nani wa kumpigia, nilichokihisi kilikuwa kama wivu. Likizo nzima ile nilishuka na kupanda kilima, na nyumbani walikuwapo watu wawili walionipenda, na sikuwahi kumwambia hata mmoja wao neno hilo moja ambalo mtoto wangu alilitamka akiwa amesimama mlangoni, kwa sauti ya kawaida kabisa.