Wanataka Niape Kwamba Ndugu Yangu Alimwita Mungu Mwizi

Admin, ficha jina langu na la kijiji, bakiza Koboko tu, maana Koboko ni wilaya kubwa huku Uganda. Mimi ni mama wa miaka thelathini na nne, nina watoto watatu, nauza nguo za mitumba sokoni na Jumapili naimba kwaya. Kiswahili changu ni cha kuuziana na Wasudani na Wakongo, kwa hiyo mnivumilie. Mume wangu ni diwani wa sabkaunti yetu na pia ni mzee wa kanisa. Mdogo wangu wa tumbo moja, nitamwita Alex ingawa si jina lake, ni fundi cherehani pale senta, penye maduka.

Shida ilianza kwenye mkutano wa wananchi. Serikali ilikuwa imeleta pesa ya kuezeka wodi ya akina mama kwenye kituo cha afya, maana paa lilichukuliwa na upepo. Siku hiyo mume wangu akasimama akatangaza kwamba baraza limekubaliana pesa hiyo ijenge kwanza ukuta na geti la kanisa, kwa sababu askofu anakuja, na sabkaunti isiyomheshimu Mungu haipati baraka. Watu wakapiga makofi. Alex akanyanyuka. Mimi nilikuwa nyuma yake kabisa, goti langu linagusa kiti chake, hakuna aliyemsikia kunizidi. Alisema, "Shemeji, hii pesa ni ya watu wote. Hata Waislamu wa sokoni wanalipa kodi. Wamama wanazaa chini ya turubai, na nyinyi mnajenga geti? Mungu mwenye kula pesa ya wodi si Mungu, huyo ni mwizi." Akakaa. Mchungaji wetu alikuwa amekaa mbele, karibu na mume wangu. Alimtazama tu, akatoa kitambaa, akajifuta uso polepole.

Jumapili iliyofuata mchungaji akasema madhabahuni, "Kuna mutu katika sabkaunti hii amesimama mbele ya watu akasema Mungu ni mwizi." Hakutaja jina. Hakukuwa na haja. Nikiwa kwenye kwaya niliona macho ya kanisa zima yananigeukia.

Kuanzia Jumatatu watu walikwenda kwa Alex kuchukua vitambaa vyao, hata ambavyo hajavikata. Mmoja aliondoka na suruali ya mguu mmoja. Halafu vijana wakaja mchana kweupe, wakaburuta cherehani mpaka barabarani, wakaivunja kwa mawe huku watu wazima wamesimama wanaangalia. Polisi walipofika, waliyemchukua ni Alex. Tulidhani wanamkinga. Kesho yake tukaambiwa ana kesi, kwamba kuna sheria ya mtu anayeumiza dini ya wenzake kwa maneno. Sikuwahi kuisikia. Sasa yuko rumande mjini Arua.

Mnajua kilichonitisha zaidi? Mkutano ule ulijaa watu. Nilipita nyumba kwa nyumba nikiwaomba waje waseme alichosema, yote, kama alivyosema. Mama mmoja akaniambia alikuwa ananyonyesha, hakusikia. Mwingine akasema jua lilimpiga kichwa. Mwalimu mmoja alinifungia mlango nikiwa bado namsalimia. Nilirudi nyumbani nikijua kwamba sentensi ile imebaki kichwani mwangu peke yangu.

Siku hiyo hiyo, tukinywa chai, mume wangu akasema, "Mama Joy, wewe ulikaa nyuma yake. Nimewaambia polisi utakuwa shahidi."

"Shahidi wa nani?"

"Wa kanisa. Utasema ulisikia Mungu ni mwizi. Basi."

"Lakini hakusema hivyo, Baba Joy. Alisema Mungu mwenye kula..."

"Hayo mengine inazungusha tu. Mungu alitaja. Mwizi alitaja. Sasa uongo iko wapi?"

Hakupaza sauti. Lakini aliinuka akachungulia nje kama kuna anayetusikia, na hapo nikaelewa kwamba naye anaogopa. Hakimu akisikia sentensi nzima, atauliza pesa ya wodi ilikwenda wapi.

Nikaenda Arua kumwona Alex. Amekonda, midomo imepasuka. Nilitaka kumtia moyo, yeye akanikatiza. "Dada, sema vile wanataka. Mimi nimeshaingia. Wewe iko na watoto kule." Nilimkasirikia, nikamwambia asirudie maneno hayo. Akaniuliza kama wamama wameezekewa. Nikamwambia geti limeshapakwa rangi.

Niliporudi nilimkuta jirani yangu kisimani, mwanamke tuliyeombana naye chumvi miaka yote. Akanisaidia kujitwisha mtungi, akasema kwa upole kabisa, "Mama Joy, jiko lako si iko ya nyasi? Kiangazi hii iko kali. Uangalie sana moto." Akatabasamu. Mpaka leo sijui kama alikuwa ananionya au ananitisha. Watoto wangu sasa wanalala chumbani kwangu.

Kesi inasikilizwa wiki hii. Nitashikishwa Biblia. Yaani niape kwa jina la Mungu, kisha niseme uongo, ili kumtetea Mungu. Nikisema ukweli wote nitakuwa nimemshtaki mume wangu mbele ya hakimu, na nikitoka pale nitarudi kulala wapi? Nikinyamaza, Alex anafungwa, na mama yetu nitamtazama kwa macho gani?

Asubuhi hii nimemkuta mume wangu ananipigia pasi gauni la kwendea mahakamani. Tangu anioe hajawahi kushika pasi kwa ajili yangu. Amelitundika mlangoni vizuri, akaniuliza polepole kama nimeshakumbuka alichosema Alex.

Ndugu zangu, nimekumbuka kila neno. Nishaurini, nikaseme nini?