Bomba Nililolinyoosha

Katika ujenzi hakuna kitu cha kunishtua. Nilitoka kijijini Getanuwas na darasa la nne na mwiko wa kuazima, na leo uliza Katesh nzima nani hajawahi kulala chini ya paa langu. Hata kule Jorodom, mlima uliposhuka na tope, nyumba nilizojenga mimi zilibaki wima.

Kwa hiyo nilipopewa kandarasi ya chumba cha mashine ya mionzi, katika hospitali ya saratani iliyokuwa ikijengwa jijini, sikuona ajabu. Unene wa ukuta ulikuwa urefu wa mtu aliyelala, basi. Nikachukua mafundi wangu wa Bashay tukaanza.

Kwenye mchoro, bomba la kupitishia nyaya ukutani lilikuwa limelala mshazari. Fundi mmoja akacheka. "Bosi, aliyechora hii alitoka kilabuni."

Kwetu fundi anayepindisha bomba haitwi mara ya pili. Nikaweka pima maji, nikalinyoosha mwenyewe. Tukamwaga zege, ncha zote mbili zikafunikwa kwa mbao.

Wiki iliyofuata akaja mtaalamu wa mionzi, binti aliyehamishiwa hapo kutoka Tanga.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba, mwanangu."

Akatueleza kazi ya ule ukuta. "Mionzi haijui kukata kona. Ikikuta tundu lililonyooka, inapita. Ndiyo maana bomba tumelilaza mshazari. Meza yangu itakaa hapa."

Akasimama palepale, mbele ya zile mbao. Mkono ulikuwa juu ya tumbo. Mimba ilikuwa imeanza kuonekana.

Alipoondoka, fundi wangu akaninong'oneza, "Nyamaza, bosi. Plasta inaficha mengi."

Nilinyamaza siku mbili. Mimi niliyezoea kusema sana nilikosa mtu wa kumwambia, isipokuwa yeye. Siku ya tatu nikamfuata.

"Mwanangu, lile bomba nililinyoosha."

Akanitazama. "Umelinyoosha kwa nini, baba?"

"Niliona limepinda."

Alitaka kucheka, akaacha. "Vipimo vya mionzi vingeligundua kabla hatujamtibu mtu. Lakini umefanya vizuri kusema sasa. Litazibwa, tutatoboa jingine. Gharama ni yako, unajua?"

"Najua."

Mashine ya kutoboa zege ilitoka Dar es Salaam na watu wake wawili, wakalala gesti kwa gharama yangu. Niliuza trekta langu. Jumla, pamoja na kuziba tundu la zamani, nililipa shilingi milioni kumi na nne, laki sita na elfu thelathini na tano.