Fundi Paskali hakuwa amelewa

Mpaka sasa masikio yangu yamekataa kuamini. Upepo ukigonga bati nasikia Paskali ananifokea kutoka juu, "Bibi, toka hapo chini!" Na tumemzika juzi, udongo nimemtupia kwa mkono wangu huu.

Mimi ni bibi yenu wa Tumati. Shule sikukanyaga hata siku moja. Nasema kwa mdomo, mkwe wangu anaandika kwenye simu, humu kwenye kundi letu la kijiji. Nimemwambia akinirembea neno nitamchapa.

Kwa msiomjua: Paskali alikuwa fundi wa madishi makubwa ya televisheni, yale mapana kama paa la banda la mbuzi, yanayokaa juu ya bomba refu kupita mikaratusi. Tlawi, Maretadu, mpaka kule Hanang kwa wafugaji, yeye ndiye aliyeyapandisha na kuyashusha.

Alikuwa mkali, jamani! Maretadu nilimwona akishuka kwenye nguzo, akamzaba kofi mwanaume mzima, akapanda tena. Yule bwana alikuwa ameachia kamba awashe sigara. Akaanza kulalamika. Paskali akamjibu akiwa njiani kwenda juu, "Ukiachia tena nitashuka haraka kuliko hivi, na nitakuangukia wewe."

Siku moja hapa kwangu alinisukuma nikaanguka kifudifudi kwenye samadi. Nikainuka na fimbo, nikamtandika mbili za mgongo. Hakujitetea. Akanionyesha spana imejikita ardhini pale pale nilipokuwa nimesimama. Aliisahau juu, upepo ukaitupa.

Nikalia. Yeye anacheka! "Bibi, malizia na ya tatu basi."

Siku ya kupanda hakugusa pombe. Ukimkaribisha kibuyu anasema, "Kiweke, nikishuka." Akishuka, ndiyo, alikunywa na aliimba vibaya sana.

Na alikuwa na sheria yake. Kama nyaya zinazoshikilia nguzo isianguke zimekufa, anafunga kamba tatu juu, kila kamba ishikwe na mtu mzima huku chini. Watu wakipungua, anafunga begi lake la spana anaondoka. Hata umlilie.

Sasa nisikilizeni.

Alhamisi iliyopita nilimwita ashushe dishi la marehemu mzee wangu. Lilikuwa limelegea, linapiga mayowe juu ya banda la ng'ombe. Nyaya zote zimeliwa na kutu. Wanangu wawili walikuwepo, wa tatu ameenda mnadani.

Paskali akasema, "Wawili hawatoshi, Bibi. Narudi kesho."

"Kesho litakuwa limeshaniangukia. Subiri, namleta mtu."

Nikazunguka nyuma ya banda, mahali ambapo yeye hapaoni hata akiwa juu, bati linapaficha. Kamba ya tatu nikaifunga kwenye shingo ya Askari, maksai wangu wa kulimia. Niliwaza, huyu anavuta jembe kwenye udongo mkavu, atashindwa na kamba?

Paskali alikuwa ameshavaa mkanda wake wa kujifungia kwenye nguzo. Akauliza, "Ya nyuma ina mtu?"

Nikasema, "Ina mtu. Panda!"

Akapanda.

Alifungua bolti mbili. Kipande cha dishi kikachomoka, kikapiga bati la banda kama bunduki. Askari akaruka, akatimua mbio, kamba shingoni. Nguzo ikapinda, ikakatikia chini. Paskali alikuwa amejifunga kwenye nguzo hiyo, hakuwa na pa kuruka. Akaja nayo. Dishi likamfuata, ukingo wake ukamwingia kifuani kama shoka.

Damu yake ilinirukia usoni. Aliniangalia tu. Gari lilipofika alikuwa ameshakata roho mapajani mwangu.

Jioni hiyo mkaanza kuandika humu: fundi alipanda amelewa. Mmoja akaandika, mia wakaitikia. Na mimi nilinyamaza. Msibani nilinyamaza, kaburini nilinyamaza. Msinionee huruma.

Jana asubuhi vijana wakaisikia habari ya kamba kwa wanangu, wakaja na mapanga kumkata Askari. Walishamkata ubavuni, anazunguka nguzo ya zizi anakoroma, damu hadi ukutani. Nikaingia katikati. "Hakujifunga mwenyewe! Nimemfunga mimi! Haya, anzeni na mimi!"

Hakuna aliyeanza. Nikachukua khanga yangu nikaenda kwa mjane, Mama Regina, kwa miguu.

Alinisikiliza mpaka mwisho. Akauliza kitu kimoja tu. "Alijua ni ng'ombe?"

"Hakujua. Aliniuliza. Nikamwambia ni mtu."

Akanipiga. Ngumi, siyo kofi. Jino langu liko pale kwenye sakafu yake.

Halafu akaleta maji kwenye bakuli, akanifuta mdomo. Akasema, "Bibi, wanangu wanaitwa watoto wa mlevi huko bombani. Mimi nikisema wanadhani namtetea mume wangu. Kaseme wewe. Sema kwa hao hao walioandika."

Nimesema.

Wewe uliyeandika amelewa, futa. Nikijua kwenu nitakuja na fimbo, na magoti yangu haya nitafika.

Na wewe kijana utakayeshusha dishi kesho, kamba zako zishikwe na watu, na kila mmoja umwone kwa macho yako kabla mguu haujaacha ardhi. Usimuulize bibi.

Paskali, baba. Ulipanda kichwa kikiwa safi, ukaamini neno langu.

Lala, mwanangu. Mlevi hakuwepo pale. Mwongo alikuwepo, na ni mimi.