Mama Vizibo na Pipa Lililokunywa Mvua

Saa kumi na mbili na nusu asubuhi, Mama Vizibo anainua chupa ya kioo usawa wa dirisha na kuikodolea jicho moja. Petroli iliyomo imetoka sasa hivi kwenye pipa jipya. Rangi safi, harufu kali inavyotakiwa. Lakini kwenye kitako cha chupa kumelala matone mawili, yanang'aa kama macho ya samaki.

"Maji," anasema, na kuiweka chupa chini taratibu.

Gatini boti ya zahanati inasubiri. Muuguzi amekumbatia sanduku la chanjo lenye barafu. Barafu ikiyeyuka kabla ya kufika ng'ambo, chanjo zimeharibika, na watoto wa huko watangoja mwezi mwingine.

"Shemeji, nipe mafuta niondoke!" anaita nahodha, mdogo wa marehemu mumewe. "Unanibania petroli kama unaniozesha binti!"

"Haraka yote hiyo, umeoa tena ng'ambo?"

Abiria wanacheka. Mafuta hayatoki.

Mama Vizibo ana miaka hamsini na minane, na kazi yake ni kuuza petroli ya mashine za boti. Jina walimpa manahodha, maana hapiti kwenye pipa bila kupapasa vizibo vyake, kama mama anavyopapasa paji la mtoto mwenye homa. Kwa wiki huuza mapipa matatu. Kila dumu la lita ishirini humwachia faida ya mikate miwili, naye hushukuru kwa hiyo miwili.

Anamgeukia dereva wa pikapu aliyeleta pipa.

"Baba, ulipofika kituoni, lori la mafuta lilikuwa linashusha?"

Dereva anakuna kichwa. "Lilikuwepo, mama. Ila foleni ilikuwa fupi."

"Ndiyo maana ilikuwa fupi! Wenye kujua walikuwa wamekaa pembeni wanangoja."

Lori likishusha, maji na taka zilizotulia chini ya tangi la kituo huvurugika. Anayejaza wakati huo huondoka nazo. Gari barabarani likizima, mtu hushuka akasukuma. Boti ikizima, utashukia wapi?

Hayo hakuzaliwa akiyajua. Mumewe alipofariki miaka sita iliyopita, alimwachia mapipa manne na wateja. Mvua za kwanza zilipokuja, aliyasimamisha mapipa wima uani, vizibo amevikaza kwa spana mpaka mikono ikamuuma. Akajiona fundi.

Kumbe pipa linapumua. Mchana hupata joto likavimba, usiku hupoa likavuta pumzi, na maji yaliyotuama juu ya kifuniko yakanyonywa ndani kupitia mianya ya nyuzi za kukazia kizibo. Ukilitazama kwa nje limefungwa vizuri, kumbe ndani limekunywa mvua ya wiki nzima.

Mafuta hayo alimuuzia shemeji yake. Mashine ikazima katikati ya maji, watu kumi na mmoja ndani, mkondo ukawachukua.

"Waliporudi nilijifungia chumbani," anasimulia. "Nilisema leo natukanwa mpaka na kuku. Shemeji akagonga, nguo bado zinachuruzika. Akaniambia, 'Shemeji, toka, nikuonyeshe kitu.' Akanifundisha kulaza pipa, vizibo vikae kushoto na kulia, mafuta yavifunike kwa ndani. Kesho yake akaja kununua kwangu tena, mbele ya wenzake wote. Hilo nitaingia nalo kaburini."

Tangu hapo mapipa yake hulala juu ya magogo, chini ya paa, mbali na jiko. Kila moja lina tarehe ya chaki. Petroli iliyokaa muda mrefu huchoka, anasema, hata ukiitunza kama yai.

Asubuhi hii akiba yake ya mafuta safi ni lita ishirini tu. Zinatosha kwenda, hazitoshi kurudi. Anaamua pipa jipya lisimame litulie, kisha ateke ya juu.

"Saa nzima kwa matone mawili?" abiria mmoja anang'aka. "Mama, tuhurumie!"

Nahodha anamjibu kabla Mama Vizibo hajafungua kinywa. "Kaka, mimi matone yalinizimia mashine. Kwa saa tano tulipiga kasia kwa ndala. Kaa utulie."

Mama Vizibo anawatazama wote wamenuna, anatabasamu.

"Kitendawili!"

"Tega," muuguzi anajibu kwa uchovu.

"Nyumba yangu ina wageni wawili. Mmoja wao, hata akichelewa kuja, ndiye anayelala chini."

Watu wanataja mchanga, jiwe, mlevi. Wanashindwa.

"Nipeni mji."

"Chukua ng'ambo yote!" anasema yule mnung'unikaji.

"Nimekwenda ng'ambo, nimekula samaki wenu bure, nimerudi. Ni maji ndani ya petroli! Uyamimine kwanza au mwisho, yatashuka chini tu."

Saa nzima ikishapita, anashusha mpira wa kuvutia mafuta ndani ya pipa bila kugusa chini, mafuta yanapita kwenye chujio na kuingia kwenye dumu lililokaa ardhini. Anapima tena kwa chupa mara tatu. Safi. Anachanganya oili, lita moja kwa hamsini kama kitabu cha mashine hii kinavyotaka, na kumkabidhi shemeji yake. Nahodha hakagui. Anamimina, anavuta kamba mara moja, mashine inaitika.

Saa nne simu ya Mama Vizibo inalia. Ni muuguzi. "Mama, tumefika. Barafu ipo, nasikia inagongana humu."

Mama Vizibo anakaa kwenye gogo, anafuta macho kwa ncha ya kanga. "Alhamdulillah," anasema polepole, mara mbili.

Manahodha wameshamchangia matofali mia tatu ajenge stoo yenye matundu chini ya ukuta, mvuke wa petroli upate pa kutokea. Anatarajia kuezeka kabla ya mvua.

"Abiria wale hawajui hata jina langu, na sitaki walijue," anasema. "Nataka washuke ng'ambo, waanze kuuliza bei ya nyanya. Wasahau kabisa kwamba boti ina mashine."